Mpiga Mzinga wa Saa Sita

Bibi alikula kiapo mbele ya birika la chai kwamba siku hiyo hatoki nyumbani, na kiapo chake kilidumu mpaka Chiriku alipofunga mlango. Alimsikia mjukuu wake akishuka ngazi, viatu vipya vikilia ko, ko, ko, kisha mlango wa chini ukabamizwa, kisha kimya. Hapo hapo akaliweka kando bakuli la mchele aliokuwa akiuchagua, akajipangusa mikono, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la maua madogo madogo, viatu vya raba, kofia ya ukili ya marehemu mumewe, na miwani ya jua ya mkamwana wake.

Mkamwana huyo, ndiye mama yake Chiriku, alikuwa anapiga pasi mezani. Pasi ikabaki hewani.

"Mama, safari ya wapi?"

"Dukani. Uzi umeniishia."

"Uzi gani huo unaonunuliwa kwa miwani yangu?"

"Jua kali."

"Mama, mtoto alikuomba usiende. Alikupigia magoti kabisa, mimi nikiona kwa macho yangu."

"Nimesema nakwenda dukani. Sasa kama duka liko njia ya kilimani, nitalihamisha mimi?"

Mkamwana alicheka bila kupenda, akarudisha pasi kwenye kola ya shati. "Haya. Ila ukikitia mchanga kitumbua cha mtoto, usije kunililia hapa."

Kilima chenyewe hakikuwa mbali. Kilikuwa nyuma ya soko na posta, katikati ya mji kabisa, kimeinuka kama nundu ya ng'ombe. Zamani juu yake palikuwa na ngome ya askari. Vita vilipokwisha ngome ikakosa kazi, na miaka mingi baadaye manispaa waliigeuza bustani ya watu kupumzika: wakapanda miti, wakaweka mabenchi, wakatengeneza ngazi za mawe kutoka getini mpaka kileleni, na kule kileleni wakauacha mzinga mmoja mkubwa wa chuma ukitazama paa za mji. Siku za mapumziko watu walifurika. Wachumba walipiga picha, watoto waliteleza kwenye majani kwa vipande vya maboksi.

Chiriku alikuwa amejifunza kazi ya kuwatembeza wageni hapo. Jina la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe, maana tangu ameanza kusema hakunyamaza, hata usingizini alisemasema. Wengine wote nyumbani walimwambia anyamaze. Bibi peke yake alimwambia, "Endelea, mke mwenzangu, nakusikiliza." Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wake. Kila mwanafunzi alipewa kundi la wageni wa kawaida, watu waliojijia tu, alipandishe mpaka juu na kulieleza historia ya mahali. Ndani ya kundi alikuwamo mkaguzi mmoja, amevaa kiraia, na hakuna aliyemjua sura. Akiridhika, mwanafunzi anapata kazi siku ile ile. Asiporidhika, basi, arudi nyumbani akatafute shughuli nyingine. Na sharti moja lilikuwa kali: ndugu wa mwanafunzi wasikanyage. Mwaka uliopita kijana mmoja alilijaza kundi lake shangazi na wajomba, wakawa wanapiga makofi kila alipokohoa.

Bibi sharti hilo alilijua. Alilijua vizuri sana. Lakini kilima kile alikihesabu kama sebule ya kwao.

Baba yake ndiye aliyekuwa mpiga mzinga. Mtaani hapakuwa na mtu asiyeijua habari hiyo, kwa sababu Bibi hakumpa mtu nafasi ya kutoijua. Alipokuwa mtoto, kila siku saa sita kamili za mchana, mlio mkubwa ulitoka kilimani, madirisha yakatikisika, njiwa wakaruka sokoni, mafundi wakaweka nyundo chini wakaenda kula. Ukiinua macho ulimwona baba yake kule juu kabisa, amesimama kando ya mzinga, mdogo kama kidole. "Mpiga mzinga huyo!" watoto walipiga kelele, na yeye alitembea barabarani kifua mbele. Baba alifariki yeye akiwa bado msichana mdogo, na mlio nao ukakoma miaka ile ile. Mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo habari ya baba aliilea Bibi mwenyewe, akaitia chumvi kidogo hapa na pale kama mpishi yeyote, akamlisha Chiriku tangu mtoto hajui hata kufunga kamba za viatu.

Ndiyo maana hakuelewa kwa nini wiki ile mjukuu wake alikuwa anamkwepa. Mara moja tu, wakiwa wanaanua nguo, Chiriku alianza kusema, "Bibi, kuhusu ule mzinga wa baba yako, kuna jambo," naye akamkata: "Unifundishe baba yangu wewe?" Chiriku akanyamaza. Na Chiriku kunyamaza si jambo la kawaida.

Getini kundi lilikuwa limeshakusanyika chini ya kibao cha njia. Chiriku alisimama mbele yao katika shati la kijani, nywele amezibana nyuma, mgongo umenyooka. Akamwona mwanamke mzee mwenye kofia ya mwanamume na miwani iliyomfunika nusu ya uso. Macho yakamtoka. Kisha akayarudisha mahali pake.

"Karibu sana, bibi," akasema, kwa sauti ile ile aliyowakaribishia wengine. "Utaweza kupanda ngazi?"

"Nitaweza, mwanangu," alijibu Bibi kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua.

Walikuwa watu wachache. Palikuwa na wachumba wawili walioshikana mikono kama wamegundishwa. Palikuwa na mama mmoja mdogo wa umbo, mwenye mwavuli mweusi na viatu vya kawaida, anayetabasamu tu. Na palikuwa na bwana mmoja mwenye kofia pana, tumbo mbele, aliyegusa kila kitu: alilisukuma geti, akakigonga kibao kwa kidole, akalitingisha benchi kuona kama limekaza.

Ndiye huyu, Bibi alijiambia. Tumbo lile ni la ofisini.

Akajisogeza ubavuni mwake, akampa peremende. "Chukua, baba. Ya mnanaa. Njia ni ndefu."

"Ahsante, mama yangu."

"Binti anaonekana anajua kazi yake, eh?"

"Hata hatujaanza kutembea, mama."

"Mimi nawaona hata kabla hawajatembea," alisema Bibi.

Wakaanza kupanda. Na lazima isemwe kwamba Chiriku alikuwa moto wa kuotea mbali. Hakusoma mahali popote, hakuimba kama kasuku. Aliwaonyesha ngazi zilivyolika katikati, akawaambia waweke mguu pale pale walipoweka mguu watu waliobeba maji juu ya vichwa kuwapelekea askari, wausikie mwinamo ule kwa unyayo. Kwenye ukuta wa ngome aliwaonyesha tofauti ya mawe ya chini, makubwa yaliyochongwa kwa nafasi, na mawe ya juu, madogo ya kubandika, yaliyojengwa haraka haraka adui alipokuwa njiani. "Hapa utaona kabisa mahali watu walipoanza kuogopa," akasema. Yule mchumba wa kike akaupitisha mkono ukutani mpaka akafika pale, akasema, "Ah!" kama amemgusa mtu. Wakafika kwenye birika la maji la chini ya ardhi, lenye nguzo, akawaambia kila mmoja aite neno analolipenda, na birika likawarudishia maneno yao mara mbili mbili. Bwana wa kofia akaita, "Giaboksi!"

Wote wakamgeukia.

"Msinishangae. Mimi dereva wa lori. Limenifia hapa mjini tangu juzi, nasubiri spea. Nimechoka kulala gereji ndiyo nikasema nije nipunge upepo."

Bibi akaiangalia peremende iliyokuwa inazunguka shavuni mwa dereva, akasikia uchungu.

Mapumziko yalikuwa kwenye kituo cha katikati, chini ya ukuta, penye benchi la mawe. Magoti ya Bibi yalikuwa yanapiga kelele. Yule mama wa mwavuli alikuwa amempa mkono toka ngazi za mwanzo, akimkinga jua bila kuambiwa, na sasa alikaa naye. Chiriku alikuwa upande wa pili anawaonyesha wachumba tundu la kuchungulia adui. Upepo ulipita vizuri. Bibi hakuwa amesema neno la maana tangu asubuhi, na maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni.

"Dada yangu," akanong'ona, "unaweza kutunza siri?"

"Inategemea ukubwa wake," alisema mama wa mwavuli.

"Yule msichana ni mjukuu wangu. Wa damu. Ila usimwambie mtu, maana leo anatahiniwa, na ndugu hawatakiwi."

"Ohoo. Na wewe umefuata nini?"

"Ningekaaje nyumbani? Kilima hiki ni cha baba yangu." Basi akamwaga mchele wote: saa sita, madirisha, njiwa, baba kama kidole kando ya mzinga. Mama wa mwavuli alisikiliza vizuri, akiitikia "mh" pale panapotakiwa. "Ngoja tufike juu," akamalizia Bibi, "umsikie atakavyoieleza. Hapo ndipo mkaguzi atakapokoma, popote alipo. Hiyo nimemfundisha mimi."

Walipofika kileleni, mji wote ulifunguka chini yao: paa za mabati na za vigae, uwanja wa mpira, stesheni yenye mabehewa yaliyopangwa kama viberiti. Na pale katikati, juu ya jukwaa la mawe, ulikuwepo mzinga, mweusi, mrefu, mdomo wazi. Bibi aliivua miwani. Hakujali tena.

Chiriku alieleza uzito wa mzinga, na jinsi ulivyopandishwa kwa magogo na kamba, watu wakiuvuta hatua kwa hatua na kuutilia mawe nyuma usirudi. Alieleza umbali ambao kombora lake lilifika. Kisha akageuka, akaonyesha njia ya kushukia. "Sasa tukiendelea upande huu..."

Bibi akashtuka. Amesahau! Mtoto amesahau pale penyewe, pale penye utamu, na mkaguzi yuko hapa hapa anasikiliza. Alimtazama dereva, akawatazama wachumba, akaona kazi ya mjukuu wake inadondoka ngazini kama chungwa. Akainua mkono.

"Samahani, mwalimu," alisema, na mafua yakamtoka yote. "Na yule mpiga mzinga je? Yule wa saa sita? Mbona hukumtaja?"

Chiriku alisimama.

"Eeh, hata mimi nimewahi kumsikia," alisema dereva. "Jamaa mmoja pale gereji alinihadithia. Anasema mji mzima ulikuwa unakula kwa amri yake."

"Huyo huyo," alisema Bibi. "Mweleze, mwanangu. Usione haya."

Msichana alimtazama bibi yake. Bibi akamjibu kwa kichwa, haraka haraka, kama mtu anayemsukuma mtoto jukwaani: sema, sema. Lakini uso wa Chiriku haukuwa wa mtu aliyesahau. Ulikuwa uso wa siku ile ya kuanua nguo. Ilikuwa rahisi sana, maneno alikuwa nayo, ameyalalia na kuyaamkia maisha yake yote.

"Naomba mje hapa," akasema mwishowe. "Nyote. Kila mmoja atie kidole kwenye tundu hili dogo la juu. Hapa ndipo palipowashwa moto."

Dereva akatia kidole. Wachumba wakatia. Mama wa mwavuli akatia. Bibi akatia wa mwisho, na kidole hakikuzama. Kiligonga chuma. Tundu lilikuwa limezibwa kwa msumari mnene, uliopigwa nyundo mpaka ukalingana na mwili wa mzinga, na kutu imeuunganisha nao.

"Msumari huo ulipigwa vita vilipokwisha," alisema Chiriku. "Ndiyo desturi yao ilivyokuwa, mzinga usije ukatumiwa tena. Yule mzee wa saa sita wakati huo hata hajazaliwa. Mzinga huu hakuupiga. Hakuupiga hata siku moja."

Bibi aliona masikio yanawaka moto. Ukimtoa mama wa mwavuli, watu hawakumjua ni nani, lakini alijiona kama amevuliwa mtandio mbele ya soko zima. Miaka yote ile! Mtaa mzima! Na anayemwambia ni mtoto aliyemlea kwa mikono yake, mbele ya dereva wa lori.

"Basi ule mlio ulikuwa wa nini?" aliuliza kwa ukali. "Au na mlio nao haukuwepo? Madirisha yalitikiswa na nani?"

"Mlio ulikuwepo, bibi. Njoo nikuonyeshe."

Akamshika mkono, akawapeleka wote upande wa nyuma wa kilima, usioonekana kutoka mjini. Pale chini palikuwa na bustani ya bonde, yenye bwawa na maua ya kando kando, na watu wamekaa kwenye majani. Nyuma ya bwawa ulisimama mwamba mrefu ulionyooka kama umekatwa kwa kisu, na kwenye uso wa mwamba huo mistari, mistari, mistari ya wima.

"Haya yalikuwa machimbo ya mawe," alisema Chiriku. "Mistari ile ni njia za matundu ya baruti. Kila siku saa sita walilipua, wakati wachimbaji wametoka kwenda kula. Mjini hawakuyaona machimbo, yako nyuma. Walisikia mlio tu, na wakiinua macho wanamwona mtu kando ya mzinga. Wakaunganisha. Mzee mmoja aliyefanya kazi huko chini ujanani alitusimulia darasani, mwezi huu huu. Hawezi tena kupanda, tulimfuata kwake."

"Na yule mtu alikuwa anafanya nini juu?" aliuliza mchumba wa kike.

"Alikuwa anawaokoa watu." Chiriku alimgeukia Bibi, akasema naye kana kwamba wengine hawapo. "Kilima hakikuwa na uzio. Watu walipita wakikata kuni, watoto walikuja kuchuma matunda ya porini, mbuzi walipanda. Kazi yake ilikuwa kukizunguka kilima chote kabla ya saa sita, akipiga kelele, 'Ondokeni! Ondokeni!' mpaka pabaki patupu. Halafu alipanda hapa juu, penye kuonekana kotekote, akatazama mara ya mwisho, akainua bendera nyekundu. Bila bendera yake baruti haikuwashwa. Yule mzee wa machimbo alituambia kwamba siku moja msimamizi alifoka kwamba wanacheleweshwa, na jamaa akakaa na bendera mkononi asiinue, kwa sababu ameona kitu kinatikisa majani. Kumbe ni mtoto amelala. Machimbo ya kilima cha pili kule yaliua. Haya hayakuua mtu hata mmoja miaka yake yote."

Upepo ulivuma. Bibi alikuwa bado na jibu kali mdomoni, limeiva kabisa, lakini halikutoka. Kitu kingine kilikuwa kimemshika.

Sauti ya baba. Baba alikuwa akirudi nyumbani hana sauti. Imekauka, imebaki kama mlango usiotiwa mafuta, na mama akimpa maji ya vuguvugu yenye asali, na baba akiongea nao kwa mikono wakati wa kula, watoto wanacheka mpaka chakula kinawapalia. Yeye siku zote alijua ni moshi wa mzinga. Lakini nguo za baba hazikuwahi kunuka moshi. Zilikuwa na majani ya kunata, zile mbegu zinazong'ang'ania suruali, na mama akizibandua moja moja. Na kile kitambaa chekundu kwenye kamba ya nguo, kilichotiwa viraka na kufuliwa peke yake, ambacho aliwahi kuchapwa kwa kumvisha mwanasesere. Na swali lile. Kabla hajakaa, kabla hajavua viatu, baba aliwatazama mmoja mmoja akauliza kwa kile kipande cha sauti kilichobaki: "Saa sita mlikuwa wapi?" Nao wakimjibu kwa pamoja, "Tumeusikia, baba!" wakidhani hilo ndilo analotaka kujua. Na yeye alitabasamu, ndipo akavua viatu.

"Lakini mbona hakukanusha?" dereva alikuwa anauliza. "Mtu anaitwa mpiga mzinga mji mzima, naye kimya?"

"Hilo sijui," alisema Chiriku. "Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

"Mimi najua," alisema Bibi.

Wakamtazama.

"Watoto wake walikuwa wanajisifu shuleni. Walikuwa na furaha sana. Hakutaka kuwavunja." Akavuta kamasi, safari hii ya kweli. "Angewaambia nini? Kwamba anafukuza mbuzi? Watoto wale walikuwa wajinga, hawajui kitu kikubwa ni kipi."

Chiriku alijaribu kusema "ahsante, bibi" kama anavyomwambia mgeni yeyote, na neno likamkatikia katikati.

Hapo yule mama wa mwavuli akaukunja mwavuli wake, taratibu, akaufunga kamba. "Nadhani tumefika mwisho," akasema. "Binti, mimi ndiye mkaguzi."

Yote aliyoyasema Bibi pale kwenye benchi yalimrudia kama yale maneno ya birikani, mara mbili mbili.

"Mama mkubwa," akaanza, ingawa mkaguzi alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. "Mheshimiwa. Kosa ni langu. Yeye alinikataza, akanipigia magoti, mwulize mkamwana wangu. Niliaga nakwenda kununua uzi. Nipe adhabu mimi, hata ya kufagia ngazi zote hizi, lakini yeye..."

"Bibi!" alisema Chiriku. "Umemwambia?"

"Kila kitu," alisema mkaguzi. "Mpaka habari ya njiwa." Hakutabasamu sasa, na kwa kitambo hakuna aliyejua upepo unaelekea wapi. "Sharti la ndugu lipo kwa sababu ndugu huja kupiga makofi. Wewe, mama, ulikuja kupiga makofi, usinifiche. Lakini mjukuu wako alipofika pale penye makofi, alipita. Nilikuwa namtazama. Alijua unamtaka aseme nini, alijua itakavyokuuma, na mimi nilijua kwamba anajua. Kuwadanganya wageni ni rahisi, hawarudi. Bibi yako unamkuta jikoni jioni." Akamgeukia Chiriku. "Kuna kundi la mchana linangoja getini. Lichukue. Na kesho njoo mapema upimiwe sare, shati hilo limekubana."

Dereva alipiga makofi peke yake kwa niaba ya ukoo mzima.

Chiriku hakuruka, hakupiga kelele. Alikuja mbele ya Bibi, akamshika mabega. "Umenikasirikia?"

"Sana," alisema Bibi. "Kwa nini hukuniambia wiki nzima?"

"Nilikuambia. Ukasema nisikufundishe baba yako."

"Nilisema hivyo?"

"Ukiwa na soksi mkononi."

"Basi leo umenifundisha," alisema Bibi, akaitengeneza kola ya shati lile la kijani, ingawa haikuwa na tatizo lolote. "Na umenipa baba mkubwa kuliko niliyekuwa naye. Nenda. Watu wanakungoja, mke mwenzangu, usijitie ustaa siku ya kwanza."

Yeye mwenyewe hakushuka. Alisema magoti hayataki, lakini ukweli alitaka kusikia tena. Akakaa juu ya ukuta, dereva akamletea soda, wakala mkate wake wa safari na kubishana kama lori linaweza kupanda kilima kile. Mpaka lile shati la kijani likaibuka ngazini, na nyuma yake watu wengi kuliko asubuhi, wengine na watoto mabegani.

Safari hii Chiriku hakuupita mzinga. Aliwatia vidole kwenye tundu, akawaleta upande wa machimbo, akaeleza bendera, akaeleza mtoto aliyelala majanini. Sauti yake ilikuwa kubwa na safi, na iliwafikia hata wa nyuma. Na alipomaliza alisema, "Mtu huyo ni baba mzazi wa bibi yangu. Na bibi yangu ni yule pale ukutani, mwenye kofia."

Watu wakageuka. Shikamoo zikamwagika, Bibi akaitikia marahaba, marahaba, kama mtu anayepokea zawadi nyingi mpaka mikono miwili haitoshi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsogelea.

"Kumbe wewe ndiye binti wa mpiga mzinga?"

"Hakuupiga mzinga hata siku moja," alisema Bibi kwa majivuno, ungedhani jambo hilo limemgharimu baba yake miaka ya masomo. "Alikuwa akifukuza watu. Kilima kizima, kwa koo lake peke yake."

"Kwa koo tu? Wasikie mpaka kule chini?"

"Huamini?"

"Naamini, bibi, ila ni mbali."

Bibi akampa dereva chupa ya soda. Akasimama, akaivua kofia, akasogea ukingoni, akavuta pumzi mpaka maua ya gauni yakatanuka. Chiriku akasema, "Bibi, taratibu," lakini alikuwa amechelewa.

"Ondokeniii!" alipiga ukelele Bibi, mikono mdomoni. "Ondokeniii!"

Mwamba uliipokea sauti ukaitupa bondeni. Na kule chini, kando ya bwawa, watu wakainuka kweli, wakakusanya vyombo vyao, wakawashika watoto mikono, wakaanza kwenda.